Kutoka mchoro wa reli hadi paneli ya kompyuta: njia zipi zipo, na ipi ikufae

Mchoro wa reli za mfano ni wa fundi. Unamwonyesha pa kukata ubao, pa kulaza reli, na kona iwe pana kiasi gani ili mabehewa yasianguke. Paneli ya kuongozea ni ya mwendeshaji: inamwambia treni iko wapi, njia imefunguliwa kuelekea wapi, na sehemu ipi tayari ina kitu. Anayeanza huviona vitu hivi viwili kuwa kimoja, akaingia mtandaoni kutafuta programu ya kuchukua mchoro wake na kumrudishia paneli iliyokamilika. Programu za namna hiyo zipo, nitazifikia. Ila ubishi mwingi wa programu ipi ni bora huisha mtu akishajibu swali moja: unataka kompyuta ijue nini kuhusu reli zako? Ijue picha tu, au ijue kwamba reli hii imeungana na ile?

Jibu langu nalitoa mapema, asiye na muda aishie hapa. Kama una pointi (pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili) zaidi ya tatu nne na unatarajia siku moja kufunga vihisi vya treni, tumia Layout Editor, sehemu ya programu ya bure iitwayo JMRI, na uchore kwa mkono mchoro uliorahisishwa. Kama unataka tu kugeuza pointi bila kuinuka kwenye kiti, Panel Editor ya JMRI hiyo hiyo inatosha kabisa. Mengine yote yana wateja wake, lakini ni wachache.

Mchoro tuliolinganishia

Huku kusini mwa Tanzania reli ya kweli tuliwahi kuwa nayo. Ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ikaanza kazi mwaka 1949 kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, kuelekea Nachingwea, na baadaye ikafikishwa bandari mpya ya Mtwara. Mpango wa karanga ulivunjwa mwaka 1951. Reli ikajikokota hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Kwa hiyo kijana wa Mtwara anayejenga reli ya mfano ya kusini anajenga kitu ambacho babu yake alikipanda na yeye hajakiona hata picha zake nyingi.

Mchoro wetu, basi, nusu ni historia na nusu ni kubuni. Ubao ni plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 iliyopasuliwa katikati kwa urefu, vipande viwili vimeunganishwa kichwa kwa kichwa. Reli ni za kipimo cha N, yaani 1 kwa 160, upana wa milimita 9. Upande mmoja kuna Mtwara Bandari yenye njia tatu na banda la injini. Katikati kuna stesheni tuliyoipa jina la Ruo, yenye njia ya kupishana na mchepuko wa kuingia ghala la korosho. Upande wa pili njia inapotelea nyuma ya ukuta, tukisema inakwenda Nachingwea. Jumla ni pointi 6 na bloku 9. Kwa bloku nina maana ya kipande cha reli kilichotengwa kwa umeme ili kompyuta iweze kujua kama kina treni.

Ni mchoro mdogo, lakini una kila kitu kinachosumbua: kupishana, kurudi nyuma, njia isiyo na mwisho wa pili, na kichwa cha treni kinachotaka kutoka bandani wakati njia imekaliwa.

JMRI kwanza, kwa sababu njia nne zimo ndani yake

JMRI ni programu ya bure ya reli za mfano, chanzo chake kiko wazi, imeandikwa kwa Java na inaendeshwa kwenye Windows, macOS, Linux na hata Raspberry Pi. Matoleo yake ya 5 yanataka Java 11 au ya baada yake. Upande unaotuhusu unaitwa PanelPro. Ndani ya PanelPro kuna vihariri vinne vya paneli, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, maana menyu inakupangia vyote vinne bila kukwambia tofauti yao.

Mwanzilishi wake, Bob Jacobsen, ni mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wanaopenda mambo ya sheria watavutiwa kujua kwamba programu hii ya vitreni vidogo ndiyo iliyozaa mojawapo ya hukumu kubwa za programu huria: mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Marekani, katika kesi ya Jacobsen, ilisema masharti ya leseni huria yanaweza kulindwa na sheria ya hakimiliki. Wanasheria wanaitaja kesi hiyo hadi leo, na wengi wao hawajawahi kugusa reli ya mfano maishani.

Panel Editor: picha yenye vitufe

Hapa unaweka picha nyuma, kisha unapanga alama juu yake. Picha inaweza kuwa mchoro wako wa penseli uliopigwa kwa simu. Unaongeza alama ya pointi, unaifunga kwenye pointi iliyosajiliwa katika jedwali la JMRI, unaiburuta hadi mahali pake. Alama ina sura nne: pointi imenyooka, imegeuka, haijulikani ilivyo, au taarifa zake zinagongana. Vipande vya reli navyo ni alama, kila kimoja kikifuata kihisi chake na kubadilika rangi treni ikiingia.

Kwa mchoro wetu, kazi ilikwisha kabla ya adhana ya isha, na matokeo yalipendeza. Hakuna njia nyingine katika orodha hii inayokupa uhuru huu wa sura. Ukitaka paneli ifanane na meza za zamani za kuongozea treni kutoka mbali, zile za Marekani zilizoanza kufungwa mwaka 1927 huko Ohio kwenye reli ya New York Central, alama za swichi na taa zake zimo humo humo, zinasubiri kupangwa.

Udhaifu wake utauona ukishaanza kuendesha. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alibofya pointi ya magharibi ya Ruo, akasubiri ya mashariki nayo igeuke ili treni ipite njia ya kupishana.

"Kaka, mbona ya kule haijageuka?"

"Haijui kama kuna ya kule, mdogo wangu. Kwake ni picha mbili tu."

Ndivyo ilivyo. Panel Editor haijui kwamba reli ya pointi hii inaishia kwenye ile. Ukitaka zigeuke pamoja, unaandika wewe mwenyewe kwenye jedwali la njia: kitufe hiki kikibonyezwa, pointi ya kwanza igeuke, ya pili igeuke. Kwa pointi 6 huo ni mzigo mdogo. Kwa pointi 20 utaandika njia hadi uchoke, na ukiongeza mchepuko mmoja utarudi kuzikagua zote. Taa za ishara ni hivyo hivyo: kila taa utaifundisha kwa mkono iangalie nini kabla ya kuwa nyekundu.

Jambo jingine dogo lenye kuudhi: alama hizi ni picha za ukubwa maalumu. Unaweza kuzizungusha na kuzikuza, lakini mistari ya mchoro wako wa penseli haikunyooka kwa ajili yake, na mwisho utajikuta unafuta picha ya nyuma na kupanga alama tupu kwenye rangi nyeusi. Wengi huishia hapo, na paneli zao zinasomeka vizuri zaidi.

Layout Editor: reli zinazojuana

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye faida na ndipo watu wanapokata tamaa mapema.

Layout Editor haipangi alama, inachora reli. Unashikilia Shift na kubofya, pointi inatokea. Unaweka ya pili. Kisha, bado umeshikilia Shift, unaburuta kutoka nukta ya mwisho ya ile ya kwanza hadi nukta ya ile ya pili, na kipande cha reli kinazaliwa kati yake. Kuanzia hapo programu inajua kwamba hizi mbili zimeungana. Hilo la Shift ndilo linalowafukuza watu: usipoliona kwenye maelezo, unabofya na kubofya, hakitokei kitu. Kuhamisha kitu ni kukiburuta kwa kitufe cha kulia cha kipanya; kwa laptopi yenye pedi ya kugusa hiyo ni adhabu, tafuta kipanya cha waya hata cha mtumba.

Kila kipande unakipa bloku, na kila bloku kihisi chake. Treni ikiingia, bloku nzima inabadilika rangi kwenye skrini, pamoja na miguu ya pointi zilizomo. Kuna pia zana ya ukaguzi inayokuonyesha reli ambazo ulidhani umeziunganisha kumbe hazijashikana, jambo ambalo macho peke yake hayawezi kulibaini.

Sasa faida ya kuungana. Kwa kuwa programu inajua reli ipi inafuata ipi, unaweza kuweka vitufe kwenye mipaka ya bloku, ukabofya cha kuingilia kisha cha kutokea, na pointi zote za katikati zikajipanga zenyewe. Mfumo huu wa kuingia na kutoka ni wa reli za kweli. Wa kwanza ulifungwa mwaka 1937 huko Brunswick, Liverpool, ambako mwongozaji aliacha kuvuta mitarimbo na kuanza kubonyeza vitufe viwili. Kwa mchoro wetu: bofya kitufe cha upande wa Nachingwea, bofya cha njia ya tatu ya bandari, basi. Taa za ishara nazo zinaweza kutafuta zenyewe taa inayofuata na kujua ziangalie bloku na pointi zipi. Kazi ile ya kuandika njia moja moja, ambayo Panel Editor inakutwisha wewe, hapa inabebwa na mchoro wenyewe.

Lakini faida hiyo inadai nidhamu ubaoni. Mpaka wa bloku kwenye skrini lazima uwe pale pale ulipokata reli kutenga umeme. Ukikata reli sentimita chache ndani zaidi ya pointi kwa sababu hapo msumeno ulipenya vizuri, skrini itakuonyesha bloku iko wazi wakati mkia wa behewa la mwisho bado uko kwenye njia ya pointi. Utageuza pointi, na behewa litaanguka. Paneli haikukosea, imesema ilichoambiwa na waya. Kwa hiyo anayetaka Layout Editor achore mipaka ya bloku kwenye mchoro wa fundi kabla msumeno haujagusa reli. Ukiwa umeshajenga, fuata mikato ilipo na uchore paneli iifuate hiyo, usijidanganye na mpaka unaoutamani.

Na kama huna vihisi bado? Pointi zitafanya kazi, rangi hazitabadilika. Unaweza kufunga bloku kwenye vihisi vya ndani vya programu, ambavyo majina yake huanza na IS, ukavibofya kwa mkono kuigiza treni inapita. Ni njia nzuri ya kujaribu paneli kabla ya kununua chochote.

Kuhusu sura: usichore kona. Kibao cha daladala kimeandikwa Mtwara–Mikindani, hakikuchorwa kona za barabara, na abiria anafika. Nyoosha njia kuu iwe mstari mmoja wa mlalo, njia ya kupishana iwe juu yake, mchepuko wa ghala uelekee upande ule ule unaoelekea ubaoni ukiwa umesimama mbele yake. Hilo la mwisho ndilo la kutunza. Ukisimama upande wa bandari na kushoto kwako ni Nachingwea, basi kushoto kwa skrini iwe Nachingwea. Mchoro uliogeuzwa utakufanya ugeuze pointi isiyo yenyewe kila ukiharakishwa.

Ubao ukiwa mrefu kiasi cha kutotosha kwenye skrini moja, unagawa paneli mbili na kuziunganisha kwa viunganishi vya ukingoni. Sisi hatukuvihitaji. Mwenye reli inayozunguka chumba kizima atavihitaji.

Control Panel Editor: kwa anayetaka treni zijiendeshe

Kwa sura iko karibu na Panel Editor: unaburuta alama kutoka kwenye kasha la vifaa, na upangaji wake ni mwepesi zaidi. Tofauti iko chini. Alama za reli unazikusanya kuwa bloku za aina yake, zenye milango kati ya moja na nyingine na njia ndani yake, na juu ya hizo unaandika hati za safari: treni hii itoke bandari, isimame Ruo, isubiri, iendelee. Kompyuta ndiyo inayoshika mwendo.

Nguvu inayo. Ila hatua zake ni nyingi, na ukikosea mlango mmoja, safari haitaanza na sababu hutaiona kwa urahisi. Kwa mtu ambaye hajamaliza hata kufunga pointi zake, siipendekezi. Aliyekwisha kuwa na vihisi vinavyoaminika bloku zote, na anataka kukaa pembeni akinywa kahawa treni zikipishana zenyewe, aiangalie kwa makini. Neno la kushika hapo ni vinavyoaminika: kihisi kimoja kinachocheza hakimsumbui anayeendesha treni kwa mkono, lakini kinaigonganisha treni inayoendeshwa na kompyuta.

Switchboard Editor na simu

Switchboard haihitaji mchoro wowote. Unaiambia onyesha pointi kuanzia namba hii hadi ile, inakupangia vitufe kwenye gridi. Ni zana ya fundi anayefunga nyaya na kutaka kujua kama pointi namba 4 inaitika. Kama paneli ya kuendeshea, haifai: baada ya wiki utasahau 4 ni ipi.

Simu nayo iko kwenye kundi hili. Ukitumia kituo cha kuamuru (kifaa kinachotuma amri kwa treni na pointi) cha DCC-EX, kilichojengwa juu ya Arduino Mega na bodi ya kuendeshea mota, na ukakipa Wi-Fi, programu ya Engine Driver ya Android inaweza kuendesha treni na kugeuza pointi bila kompyuta kabisa. Utapata orodha ya majina, si ramani. Kwa mwenye simu pekee, na wapo wengi, hapa ni mahali pazuri pa kuanzia, paneli itasubiri.

Kuleta mchoro wenyewe: XTrackCAD na wenzake

Hii ndiyo ndoto ya wengi. Mchoro tayari uko kwenye kompyuta, kwa nini kuchora tena? XTrackCAD ni programu ya bure ya kuchorea reli, chanzo wazi, inaendeshwa Windows, Linux na macOS, na JMRI ina zana ya kugeuza mchoro uliotolewa humo kuwa paneli ya Layout Editor. AnyRail na SCARM ni rahisi zaidi kujifunza, lakini za Windows, na bila kulipa AnyRail inakuishia kwenye vipande 50. Mchoro wetu mdogo wenye pointi 6 unaweza kubanwa humo, mkubwa hautatosha.

Zana inafanya inachoahidi. Tatizo liko kwenye ahadi yenyewe. Kinachokuja ni mchoro wa fundi: kona zote zipo, pointi za bandari zimebanana pembeni sentimita mbili mbili kama zilivyo ubaoni, na kilomita yetu ya kubuni kati ya Ruo na Mtwara inakula nusu ya skrini ikiwa tupu. Mahali penye kazi nyingi pamekuwa padogo, mahali pasipo na kazi pamekuwa pakubwa. Kidole hakifiki vizuri kwenye pointi za bandari, na ukifungua kwenye simu ndiyo kabisa. Na bado utapita pointi moja moja kuhakikisha imefungwa kwenye namba yake ya kweli.

Ilikuwa haraka kufuta na kuchora upya kuliko kuinyoosha. Kwa ubao mkubwa wenye pointi mia, na mchoro uliochorwa kwa uangalifu tangu mwanzo, hesabu inaweza kuwa tofauti: muunganiko wa reli unaletwa tayari, na hilo ni jambo. Huku kusini sijauona ubao wa namna hiyo.

Kuna matumizi ya kati ambayo nayapenda zaidi. Chapa mchoro wako kama picha, uweke nyuma ya Layout Editor, uchore juu yake kwa kurahisisha, ukimaliza uondoe picha. Unapata mpangilio bila kurithi kona.

Za kulipia

TrainController ya Ujerumani na iTrain ya Uholanzi zinachora paneli kwa vigae: skrini ni gridi, kila kisanduku unaweka kipande cha reli. Mchoro wetu kwa vigae ni kazi ya muda mfupi sana na matokeo ni nadhifu, hayawezi kuwa mabovu hata ukijaribu. Zote mbili zinajua kuendesha treni zenyewe, na kwa kazi hiyo wanaozitumia huzisifu. TrainController ni ya Windows tu. iTrain inaendeshwa pia Mac na Linux. Rocrail nayo ni ya vigae.

Sina ugomvi nazo. Leseni ni ya fedha za kigeni, inalipwa mtandaoni, na thamani yake huku inaweza kununua vichwa vya treni au servo (mota ndogo za kugeuzia) za pointi zote na chenji ikabaki. Mwenye uwezo na ubao uliokamilika asisite. Mwenye ubao wa nusu anunue reli kwanza.

Mambo ya huku yanayobadilisha uamuzi

Vifaa huchelewa. Kifurushi kutoka nje kinaweza kukaa njiani miezi, na hapo ndipo JMRI inapozishinda nyingine kwangu mimi: ina viigizaji vya vituo vya kuamuru. Unachagua kiigizaji badala ya kifaa, unachora paneli nzima, unajaribu njia na taa zote, siku kifurushi kikifika unabadilisha muunganisho tu. Panel Editor na Layout Editor zote zinafaidika na hili.

Umeme ukikatika, JMRI haihifadhi paneli yenyewe ulipokuwa unachora. Ni lazima uende kwenye menyu ya faili na kuhifadhi usanidi pamoja na paneli. Fanya hivyo kila ukimaliza stesheni moja. Faili lake ni maandishi ya XML, dogo, linatumwa hata kwa WhatsApp, basi jitumie nakala. Kwa sababu hiyo hiyo napendelea laptopi yenye betri nzima kuliko kompyuta ya mezani yenye kasi. Chumvi na unyevu wa Shangani, hapa Mtwara, vitaila kompyuta ya mezani kabla hujamaliza bandari, na reli zenyewe usipozifuta utakuta treni inasimama na paneli inalaumiwa.

Bando: ukishapakua programu, hakuna kinachohitaji intaneti. JMRI ina seva yake ya wavuti, mlango 12080, na paneli yako inafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ile ile, hata kama ruta yako haina bando hata senti. Watu wawili wanaweza kuongoza stesheni mbili, mmoja Ruo na mwingine bandari, kila mmoja na simu yake. Kwa matumizi haya paneli iliyochorwa kubwa na nyoofu inashinda. Ile iliyoletwa kutoka XTrackCAD inashindwa kwa kidole gumba cha kwanza.

Pointi za bei nafuu ni za servo ndogo za gramu 9. Bodi ya PCA9685 inaendesha servo 16, na DCC-EX inaitambua tayari kwenye namba 100 hadi 115 bila kuandika programu. Pointi zetu 6 zinaingia kwenye bodi moja na nafasi zinabaki kwa taa.

Ukichagua vibaya

Hapa ndipo nataka mtu asiogope. Vihariri vyote vinne vya JMRI vinasoma jedwali moja la pointi na jedwali moja la vihisi. Unaweza kuanza na Switchboard wiki ya kufunga nyaya, ukachora Panel Editor ya haraka watoto wapate kuchezea, huku Layout Editor inakua polepole kwenye dirisha jingine. Ukigeuza pointi kwenye moja, zote zinabadilika. Hakuna unachopoteza isipokuwa muda wa kuchora.

Kinachopotea ni majina mabaya. Usiifunge paneli kwenye jina la mfumo kama DT4, ambalo linatokana na aina ya kifaa. Ipe kila pointi jina lako, mfano "Ruo magharibi" au "Banda la injini", na paneli itumie hilo. Ukiwa bado kwenye pointi za kuigiza, zinazoanza na IT, majina yatakaa huko. Vifaa vikifika, JMRI inakuruhusu kuhamisha jina kutoka IT kwenda DT ndani ya jedwali lenyewe, na paneli zote zinalifuata jina bila wewe kugusa mstari hata mmoja. Bloku zipe majina kwa mtindo huo huo, na uyaandike kwa kalamu chini ya ubao, karibu na waya unaohusika, kabla hujasahau upi ni upi.